Kitafuta samaki kinapoteza chini mtumbwi ukikimbia: je, ninunue kikubwa zaidi?

Swali: Habari za kazi. Tunavua Ukerewe kwa mtumbwi wa mbao wa futi 28, nyuma bapa, mashine ya HP 15. Kazi kuu ni ndoano za sangara, na giza likiingia tunavua dagaa kwa taa. Tulinunua kitafuta samaki cha inchi 5 kilichokwisha kutumika. Transdyusa, kile kipande cha majini kinachopiga sauti na kupokea mwangwi, tumeifunga kwenye ubao wa nyuma, jirani na mashine. Tukisimama kinasoma kina vizuri, mita 20 hadi 35. Tukiondoka namba inarukaruka au inapotea kabisa. Kinaonyesha samaki wengi mno, ila ndoano zinarudi tupu. Betri ya pikipiki haifiki alfajiri, na tukiwasha taa za dagaa skrini inajaa chenga. Muuzaji anasema tununue kikubwa chenye wati nyingi. Tununue?

Jibu: Usinunue bado, ndugu yangu. Katika dalili zote ulizotaja hakuna hata moja inayoletwa na uchache wa wati. Ziwa Victoria ni pana, lakini si refu kwenda chini. Hakuna mahali linapofika mita 100, na wewe unavua mita 20 hadi 35. Maji baridi humeza sauti ya masafa (frikwensi) ya kilohezi 200 kidogo sana kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo hata kifaa cha bei ya chini kinafika huko bila shida. Garmin Striker 4, ambacho skrini yake ni ndogo kuliko yako, mtengenezaji amekiandikia futi 1,600 za maji baridi, karibu mita 490. Kata namba hiyo katikati, kisha ikate tena, bado imekuzidi. Shida yako iko pale transdyusa inapokutana na maji, iko kwenye nyaya na betri, na iko kwenye namna mnavyoisoma skrini.

Kwanza tenganisha mapovu na kelele za umeme

Kina kikipotea mtumbwi ukitembea, kuna washukiwa wawili: mapovu yanayopita chini ya uso wa transdyusa, au umeme mchafu kutoka kwenye mashine. Kwenye skrini vinafanana, lakini tiba ya kimoja haigusi kingine. Watu wengi hubadilisha nyaya wakati tatizo ni mapovu, au huhamisha transdyusa wakati tatizo ni plagi ya mashine.

Nenda mahali penye mita 15 hadi 20 na chini tambarare. Toa usikivu wa kifaa (geini) kwenye otomatiki, uweke kwa mkono juu kidogo ya nusu. Washa mashine, acha gia huru, mtumbwi ukiwa umesimama, kisha pandisha mafuta taratibu. Chenga, vistari vya mshazari au milia ya wima vikitokea hapohapo, na vikaongezeka kadiri mashine inavyonguruma, huo ni umeme. Skrini ikibaki safi, ondoka mwendo wa kasi mpaka kina kipotee, halafu zima mashine ghafla mtumbwi ukiwa bado unateleza. Sasa tazama upande wa kulia wa skrini. Picha ikisafika papo hapo mashine inapozimika, ni umeme. Ikirudi polepole kadiri mtumbwi unavyopunguza mwendo, ni mapovu.

Kwa maelezo yako nadhani utakuta vyote viwili, lakini mapovu ndiyo yanayokula kina chako. Transdyusa jirani na propela haiwezi kuona. Inatakiwa iwe angalau sentimita 40 kutoka kwenye propela, na iwe upande ambao mapanga yanashuka ndani ya maji. Mashine nyingi huzungusha propela kufuata saa ukiitazama kutoka nyuma, kwa hiyo upande huo ni wa kulia.

Mitumbwi yetu ya mbao ina ugonjwa wake wa ziada. Maungio ya mbao yamezibwa kwa kalafati na kupigiwa vipande vya bati na misumari, na mkuku umetokeza. Kila kingo ya bati na kila kichwa cha msumari kinafuma mkanda wa mapovu unaokwenda moja kwa moja nyuma. Ukifunga transdyusa kwenye mstari wa mkanda huo, hata umbali wa mita moja kutoka kwenye propela hautakusaidia. Na mtu akikushauri uigundishe ndani ya mtumbwi ipige sauti kupitia sakafu, mkatalie: njia hiyo hufanya kazi kwenye faiba ngumu isiyo na sponji katikati, haifanyi kazi kwenye mbao.

Kwa mtumbwi unaoburutwa mchangani kila siku, mimi ningeachana kabisa na ubao wa nyuma na kuifunga transdyusa kwenye bomba la pembeni. Chukua bomba la chuma la inchi moja, urefu wa mita 1.5. Mwambie fundi wa kuchomelea aweke kipande cha bapa cha milimita 3 mwishoni, akitoboe kulingana na matundu ya kishikio cha transdyusa. Funga kipande cha mbao ngumu kwenye ukingo wa mtumbwi, upande wa kulia, nyuma ya katikati lakini mbali na mashine. Bomba lishikwe hapo kwa yubolti mbili zenye nati za kufungua kwa mkono, ili ulinyanyue kabla ya kufika ufukweni na ulibebe nyumbani usiku. Uso wa transdyusa uzame sentimita 20 hadi 30 chini ya maji, uvuke chini kidogo ya mwili wa mtumbwi. Kutoka chini ya bomba vuta kamba kwenda mbele, uifunge kwa nguvu. Bila kamba hiyo bomba litatetemeka, na mtetemo wenyewe unaleta mapovu. Kwa mwendo wa kutafuta samaki mpangilio huu unatosha sana. Ukifungua mafuta yote kurudi nyumbani, nyanyua bomba.

Ulalo wa transdyusa upime mtumbwi ukiwa majini na watu wake na barafu yake. Ukiupima nchi kavu unajidanganya, kwa sababu mzigo hubadilisha namna mtumbwi unavyokaa. Baadaye upinde ambao samaki huuchora kwenye skrini wenyewe utakueleza: ukiona mguu wa kushoto tu wa upinde, uso unaangalia mbele mno, ukiona wa kulia tu, unaangalia nyuma. Rekebisha kidogo kidogo. Kama utaamua kubaki kwenye ubao wa nyuma, shusha transdyusa milimita 3 kwa kila jaribio, si zaidi, mpaka kina kishike kwenye mwendo unaoutaka.

Waya wa transdyusa usiukate wala kuunga, hata kama ni mrefu kupita kiasi. Uzungushe, uufunge, uuweke mbali na waya za mashine. Inapobidi zikutane, zikatane kama msalaba, zisilale sambamba. Uso wa transdyusa uoshe kwa sabuni ya vyombo na kitambaa laini kila unapouona unateleza kwa ukungu wa kijani, na uupake sabuni kidogo kabla ya kuuzamisha mara ya kwanza ili viputo vya hewa visiung'ang'anie. Petroli na thina ziweke mbali, zinaharibu plastiki.

Umeme

Chenga za taa za dagaa ni kesi rahisi. Taa nyingi za LED zina sakiti ndogo ndani inayokata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na sakiti za bei rahisi hutapika kelele kwenye waya. Kitafuta samaki kikishika betri moja na taa, kinazinywa kelele hizo moja kwa moja. Kipe betri yake, isiyounganishwa na kitu kingine chochote, hata kwa waya hasi. Chenga zikibaki, washa taa moja baada ya nyingine mpaka uipate iliyo chafu. Usishangae ikiwa moja tu kati ya nne.

Kwa mashine, tazama plagi. Plagi zenye kizuizi cha umeme (rezista) ndani hupunguza kelele, na kwa NGK utazitambua kwa herufi R: BR7HS ni B7HS yenye kizuizi. Namba ya joto, hapo ni ile 7, ibaki ileile inayotakiwa na mashine yako.

Milia ya mshazari inayotokea mashine ikiwa imezimwa, tena mkiwa karibu na mtumbwi mwingine wenye kifaa, ni sauti ya jirani. Badilisha masafa au sogea.

Betri inataka hesabu. Kifaa cha inchi 5 hula karibu nusu ampea hadi ampea moja, kutegemea mwanga wa skrini. Weka mita ya ampea kwenye waya mwekundu uone chako. Tuseme ni nusu ampea. Betri ya pikipiki ya 7Ah (ampea-saa 7) ni ya kuwashia, haikutengenezwa kunyonywa hadi chini, kwa hiyo hesabu nusu yake tu: 3.5Ah gawanya kwa 0.5 ni saa 7. Ukiiwasha saa 12 jioni inakuaga saa 7 usiku, na hapo ilikuwa mpya. Usiku wa saa 12 unahitaji 6Ah za kweli. Tafuta betri ya risasi ya 12Ah au zaidi, au ya lithiamu fosfeti ya 10Ah, ambayo unaweza kutumia asilimia 80 bila kuiumiza, tena volti zake hazishuki ovyo. Kupunguza mwanga wa skrini usiku kunarudisha saa moja au mbili bure.

Vifaa vingi vinaonyesha volti kwenye skrini. Linganisha namba hiyo na ile unayopima kwenye vichwa vya betri kifaa kikiwa kimewashwa. Tofauti ikizidi volti 0.3, kuna kiungo kibovu njiani, na mara nyingi ni pale waya zilipopotwa na kuzungushiwa tepu nyeusi. Kata, chomea risasi, vika mpira wa kubana kwa moto. Fyuzi iwe karibu na betri, kwa ukubwa ulioandikwa kwenye kijitabu. Nyingi za ukubwa huu ni ampea 3. Fundi akikuwekea ya 15 "ili isikatike", amekuondolea ulinzi.

La mwisho kwenye umeme, na hili limeua vifaa vingi: usiunge kitafuta samaki moja kwa moja kwenye paneli ya sola, hata iliyoandikwa volti 12. Jua kali likiipiga bila mzigo hutoa volti 21 au 22, na vifaa vingi vya aina hii mwisho wao ni 20 au chini ya hapo. Paneli ichaji betri kupitia kidhibiti, na kifaa kichomolewe wakati wa kuchaji.

Samaki wengi kwenye skrini, ndoano tupu

Zima kwanza zile picha za visamaki. Kifaa hakijui samaki. Kinapokea mwangwi, kinaukisia, kinachora katuni. Magugu maji yaliyozama, mapovu, wavu wa jirani, vyote huvishwa mkia. Baada ya kuzima utaona mwangwi wenyewe: pinde, madoa, mawingu na mstari wa chini.

Halafu zoea kwamba ukingo wa kulia tu ndio wakati huu. Kila kilicho kushoto kimeshapita. Skrini yenye pinde kumi inaweza kuwa na samaki kumi uliowaacha nyuma dakika nzima iliyopita, au sangara mmoja aliyepita na kurudi. Urefu wa upinde nao usikudanganye kuhusu ukubwa: mtumbwi ukienda polepole, hata furu, samaki mdogo, huchora upinde mrefu. Angalia unene wa upinde na ukali wa rangi, ndiyo dalili bora, ingawa haitoshi kukuambia kama sangara amefika sentimita 50.

Sauti hutoka kwa umbo la koni. Kwenye kilohezi 200 vifaa vingi vina koni ya karibu nyuzi 20, na kwenye 77 au 83 inaweza kufika nyuzi 60. Kwenye kina cha mita 30, ile nyembamba inafunika duara la mita 10 na nusu, ile pana mita 34 na ushee. Samaki aliye ukingoni mwa koni pana yuko mita 15 pembeni mwa mtumbwi, na kwa sababu kifaa hupima umbali wa sauti na si kina, aliye kwenye kina cha mita 26 anaandikwa yuko 30. Wewe unashusha ndoano mita 30, chini ya mtumbwi, kwa samaki asiyekuwepo kwa kina wala kwa upande. Kuna balaa la pili: kwenye koni pana, mwangwi wa chini unaanza mita 30 na kuendelea hadi 34, na sangara anayetembea jirani na tope ukingoni mwa koni anamezwa humo. Kwa ndoano tumia kilohezi 200. Masafa ya chini yawe ya kupekua eneo, kujua kama pana uhai au hapana.

Mipangilio niendayo nayo kwenye ziwa hili: maji yawekwe kwenye baridi, si chumvi, vichujio vya kelele vizimwe au viwe chini kabisa, kwa sababu vinafuta dagaa pamoja na chenga, kasi ya skrini iwe juu mtumbwi ukitembea. Usikivu, ambao menyu nyingi huuita geini, upandishe mpaka vitone vienee kwenye maji yote, kisha urudishe hatua moja au mbili. Chini pagumu penye mwamba au changarawe huonyesha mstari mkali na mwangwi wa pili kwa kina mara mbili. Tope huonyesha mstari uliofifia, wenye mkia mrefu au mfupi kutegemea ulaini wake. Karibu na mwamba kina kifupi kifaa kinaweza kuushika huo mwangwi wa pili na kukuandikia mita 8 mahali penye 4. Weka kikomo cha kina kwa mkono na kitatulia.

Sasa jambo ambalo nadhani ndilo linalokutia hasara. Miezi ya joto, takriban Januari hadi Aprili, ziwa hugawanyika matabaka, na sehemu zenye kina maji ya chini hupungukiwa oksijeni. Upepo wa kusini mashariki wa Juni hadi Agosti ndio huyachanganya tena. Samaki hawakai kwenye maji yasiyo na hewa. Ukipandisha usikivu kidogo, mpaka wa matabaka unaweza kuuona kama utando hafifu uliolala sawa, tuseme kwenye mita 22, na pinde zote ziko juu yake. Kama ndoano zako zimelala chini mita 30, umetega kwenye maji yaliyokufa na skrini inakuonyesha samaki wanaoelea mita nane juu ya chambo. Ongeza maboya, pandisha kamba ifike mita moja au mbili juu ya utando huo, uone.

Utando mwingine usiuchanganye na huo. Kuna mabuu ya wadudu wa ziwani wenye vifuko vya hewa mwilini, wanaokaa chini mchana na kupanda jioni. Hewa hurudisha sauti kwa nguvu, ndiyo maana hata samaki huonekana zaidi kwa kibofu chake cha hewa kuliko kwa nyama yake. Wingu pana lisilo na kingo, linalonyanyuka polepole jua likizama, uwezekano mkubwa ni mabuu. Kundi la dagaa mchana lina kingo, ni zito katikati, na mara nyingi utaona pinde nene za sangara chini au ubavuni mwake. Usiku chini ya taa, dagaa wakishapanda hadi mita moja au mbili za juu, kifaa hakiwaoni tena, kwa kuwa eneo hilo linajaa fujo za uso wa maji. Kazi yake hapo ni kukuonyesha kama wanapanda. Kuamua lini kushusha wavu bado ni macho yako.

Siku ukinunua

Ukifanya haya na bado unataka kingine, lipia vitu viwili: skrini inayosomeka juani, na GPS. Kwa mvuvi wa ziwa GPS inarudisha pesa kuliko wati: inakupeleka kwenye boya lako usiku na kukurudisha nyumbani mvua ikifunga upeo. Kadi za ramani za maziwa ya Marekani hazina kazi huku. Afadhali kifaa kinachojichorea ramani ya kina unapopita, kama Striker Plus. Vifaa vya picha za pembeni, vinavyopiga sauti kushoto na kulia mwa mtumbwi, ni vizuri kwa wanaotafuta sato kwenye miamba ya visiwa, lakini vinataka mtumbwi unyooke na mwendo wa polepole. Vile vya kuelea vinavyotuma picha kwenye simu vinafaa kwa kasia, havifai mashine ikiwa inatembea.

Hata wavuvi wa Kigoma, wenye ziwa la kina cha mita 1,470, hawana sababu ya kukimbilia wati: Tanganyika haina oksijeni chini ya takriban mita 100 upande wa kaskazini na 200 upande wa kusini, kwa hiyo migebuka na dagaa wote wako juu ya hapo.

Kilichotumika kikague kabla ya kulipa. Hakikisha transdyusa ni ya kifaa hichohicho, kwa kuwa plagi ya waya kuingia si ushahidi kwamba vinaelewana. Tazama pini: rangi ya kijani husafishwa kwa spiriti na mswaki laini, lakini pini iliyokatika haina dawa rahisi. Kiwashe, weka transdyusa sikioni. Ikiwa hai utasikia mtikiso mdogo, tik tik tik. Kisha itumbukize kwenye ndoo ya maji ya ziwa na usome joto, kama ina kipimo hicho. Kipimo cha joto husafiri kwenye waya uleule, kwa hiyo namba ikikaa kati ya nyuzi 23 na 28 na haitikisiki unapoupindapinda waya, waya ni mzima. Ikiruka au ikigeuka vistari, waya umekatika ndani, na bei ya transdyusa mpya uitoe kwenye bei ya muuzaji.